Uliza mzazi wako amewekewa lenzi gani

Sisi tuliorejea kutoka Tanzania miaka ya 2008 na 2009 bado tunavuka Mugina kwenda Manyovu kibiashara, na wengi tunawapeleka wazazi wetu huko huko kutibiwa macho. Sioni ubaya. Mimi nilisoma Ulyankulu, najua raha ya kumweleza daktari shida yako kwa lugha uliyokulia. Linaloniudhi ni kinachofuata: mzee anafunguliwa bandeji, anaona, familia inashangilia, gari linapandwa, na tarehe ya kurudi kuangaliwa inasahaulika.

Ndugu zangu, kutibu mtoto wa jicho ni kutoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Lenzi hizo hazifanani. Ile ya kawaida hukaa nyuma ya mboni, ndani ya kimfuko cha lenzi ya zamani. Aliyewekewa hiyo huangaliwa kesho yake, kisha baada ya kama wiki moja, na kati ya wiki ya nne na ya sita hupimwa miwani. Dawa ya matone huchukua karibu mwezi mzima, hata kama jicho haliumi. Miezi au miaka baadaye kimfuko hicho huweza kuingia ukungu, na mtaani husemwa mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi. Mwanga wa leza hutoboa ukungu huo kwa dakika chache, bila kisu.

Kimfuko kikichanika wakati wa upasuaji, daktari huenda akaweka lenzi ya mbele ya mboni. Hiyo ni habari nyingine. Inaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu kioo cha mbele polepole, bila maumivu, kwa hiyo hudai kuangaliwa miaka yote.

Sasa muuguzi wa Makamba atajuaje mama yako anayo ipi? Boksi la lenzi huja na vibandiko vinavyoonyesha aina na nguvu yake. Ombeni kimoja kibandikwe kwenye daftari la mgonjwa kabla hamjaondoka. Ni haki yake, si hisani. Na wakubwa wa afya wa pande zote mbili, ambao kadi ya homa ya manjano wanatambuliana, washindwe nini kwa kadi ya jicho?

Jicho lililopasuliwa likiuma, likiwa jekundu au likipunguza kuona, msingoje siku ya soko. Lipelekeni siku hiyo hiyo, na daftari mkononi.