Meta Kuingia Fediverse: Tusishangilie Mlango Ambao Ufunguo Anao Yeye

Makamanda, tangu X ifungwe nchini Mei 2025 na nusu yetu tuhamie kwenye VPN (ambazo nazo TCRA inataka zisajiliwe tangu Oktoba 2023), kuna habari inazunguka kwenye magrupu na inapokelewa kama ushindi. Eti Threads, mtandao wa Meta, kampuni ileile yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, imejiunga na fediverse, kwa hiyo tatizo letu limekwisha. Tubaki zetu Threads, watu wa Mastodon watatusoma, wakifunga huku tutasikika kule.

Mimi napinga.

Kwa ambao neno lenyewe ni geni: fediverse ni mitandao mingi midogo, kila mmoja una seva yake na mwenyewe, lakini yote inaongea lugha moja ya kiufundi iitwayo ActivityPub. Lugha hiyo ilipitishwa mwaka 2018 na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti. Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016 na Eugen Rochko, ndiyo inayojulikana zaidi. Mwenye akaunti kwenye seva moja anamfuata mwenye akaunti kwenye seva nyingine, kama mtu wa Vodacom anavyompigia mtu wa Airtel. Hakuna tajiri mmoja mwenye swichi.

Sasa hapo kwenye Vodacom na Airtel tusimame kidogo. Hivi kwa nini Vodacom haiwezi kuamka kesho ikasema wateja wake hawapigi tena Airtel? Siyo upole. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalazimisha mitandao ya simu kuunganika, na TCRA ndiyo inayopanga gharama ambazo kampuni hizo zinatozana. Ndiyo, TCRA hiyohiyo; kwenye hili wamefanya kazi. Hata pesa za simu angalieni zilivyokwenda: Tigo, Airtel na Zantel waliunganisha mwaka 2014, Vodacom mwenye M-Pesa, mkubwa kuliko wote, akaingia 2016. Mkubwa huwa hana haraka ya kuunganika, maana wateja anao tayari.

Threads ni mkubwa wa namna hiyo, na hakuna sheria inayomlazimisha. Ina watumiaji mamia ya milioni kwa mwezi, wakati Mastodon nzima haifiki milioni mbili. Imefungua mlango kwa kupenda, tena nusu: mwaka 2024 ilianza na watumiaji wa Marekani, Kanada na Japani, na mpaka leo posti yako haitoki nje bila wewe mwenyewe kwenda kwenye mipangilio kuwasha. Adam Mosseri, bosi wa Instagram, alipozindua Threads Julai 2023 alisema siku moja mtu ataweza kuondoka na wafuasi wake akahamia seva nyingine. Siku moja hiyo bado tunaisubiri. Mastodon unahama leo na wafuasi wako wanakufuata.

Darasani tunafundishwa tofauti kati ya ruhusa ya kupita na haki ya njia. Jirani akikuruhusu ukatize shambani kwake, umepata ruhusa. Siku mkigombana anaweka miba na huna pa kwenda. Haki ya njia ni kitu kingine kabisa: akiziba, unampeleka mahakamani. Meta imetupa ruhusa ya kupita. Wanaoshangilia wanaongea kama tumepewa njia.

Na miba imeshawahi kuwekwa. Mwaka 2005 Google ilianzisha Google Talk kwa lugha huria iitwayo XMPP, mwaka uliofuata ikafungua milango kwa seva za wengine. Watu wakafurahi, wakaacha seva ndogo wakahamia Google kwa sababu marafiki wote wangewapata kulekule. Mwaka 2013 Google ikaja na Hangouts, ikaacha kuunganika, na waliobaki kwenye seva ndogo wakajikuta wanaongea na ukuta. Facebook yenyewe iliifungulia chat yake programu za nje kwa XMPP hiyohiyo mwaka 2010, ikaifunga 2015. Kampuni hiyohiyo, jamani!

Kuna jambo la faragha pia, ambalo wengi hawalisomi. Sera ya Threads inasema wazi kwamba mtu wa seva ya nje akiwasiliana na watumiaji wake, wanachukua jina lake la akaunti, picha yake, anachoposti, na jina na anwani ya IP ya seva yake. Huyo mtu hajawahi kujiandikisha Meta wala kukubali chochote. Kwetu sisi, ambao kadi ya chama tu inaweza kukuletea maneno kazini, hilo siyo jambo dogo. Ndiyo maana wasimamizi wengi wa seva za Mastodon waliapa mapema kuizuia Threads isiguse seva zao. Tusiwaone wakorofi.

Najua jibu litakalokuja: "Dada, watu wako Instagram, unataka tukahubiri jangwani?" Sijasema tuondoke. Tukapige kelele kulekule watu waliko. Ninachokataa ni kuhamishia maisha ya chama huko: orodha za wanachama, kumbukumbu za mikutano, matamko, video za mawakala. Na sidanganyi mtu kwamba seva yetu haifungiki. TCRA inaweza kuzuia anwani yoyote, na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinataka leseni. Ila seva ikizuiwa, nyaraka na wafuasi wetu tunabaki nao, tunahamia anwani nyingine. Akaunti ya Meta ikifutwa, vyote vinakwenda nayo.

Wenzetu wa Ulaya hawakuomba. Threads ilichelewa kufika kwao mpaka Desemba 2023, Meta ikilalamikia sheria zao za masoko ya kidijitali. Sheria hizohizo ndizo zinazoilazimisha WhatsApp kufungua mlango kwa programu nyingine za ujumbe. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi; kinachokosekana ni sheria ya kuibeba mpaka kwenye mitandao hii.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa uongozi wa vijana. Moja, tuwe na seva yetu, ikae nje ya nchi, chini ya makada wetu wa diaspora. Gharama yake kwa mwezi haifikii spika na jenereta za mkutano mmoja wa kata. Pili, ilani ya vijana iwe na kifungu kinachotaka mitandao mikubwa ya kijamii iunganike kwa lazima kama simu. Kifungu chenyewe nimeshakiandika, mistari minne. Nakileta kwenye kikao. Mwenye marekebisho aje nayo yakiwa kwenye karatasi.