Hadithi ya Dadaab Iwafikie Watoto wa Kenya

Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) na wachapishaji wetu wa vitabu vya shule,

Waheshimiwa,

Mwaka 2020 ilitoka Marekani riwaya ya katuni iitwayo When Stars Are Scattered, kazi ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed. Ilisifiwa huko hata ikafika fainali ya tuzo ya National Book Award. Lakini mambo yanayosimuliwa humo yalitokea kwetu, Kaunti ya Garissa. Omar na mdogo wake Hassan walivikimbia vita Somalia wakiwa wadogo sana, wakakulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab bila baba wala mama. Hassan ana kifafa, na neno analolitamka ni moja tu: Hooyo, ambalo kwa Kisomali ni mama.

Nawasihi mkisome kitabu hiki mpaka mwisho. Kinachomlemea msomaji zaidi ni kule kungoja: kungoja mgao wa chakula, kungoja maji, kungoja majina yatoke kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya watakaohojiwa ili wahamishiwe nchi nyingine, miaka nenda miaka rudi. Omar akishauriwa aanze shule, anasita, kwani Hassan ataachiwa nani? Msichana hodari darasani anaozwa kabla hajamaliza masomo. Katika mambo kama haya mchoraji anaweza kunyamaza, akaacha uso wa mtoto useme, na msomaji wa miaka 13 akaelewa bila kuhubiriwa.

Mahubiri tunayo tele. Masuala mtambuko yamo katika kila somo, na mwanafunzi akiulizwa kuhusu dawa za kulevya au mimba za mapema anajua mtihani unataka jibu gani. Analolikosa ni mtu wa rika lake anayepitia jambo lenyewe: anayemuuguza ndugu nyumbani, anayeona haya kwa sababu ya mzazi mlevi, anayetamani kufa na hana wa kumwambia. Kitabu cha katuni hupita mkono kwa mkono, hata kwa yule anayesoma kwa shida na ambaye riwaya ya kurasa 200 humkatisha tamaa kabla ya sura ya pili.

Najua hofu ya wazazi kwamba picha huonyesha mno. Mwaka 2013 wakuu wa shule za umma za Chicago waliagiza Persepolis, riwaya ya katuni ya Marjane Satrapi, iondolewe madarasani kwa sababu ya michoro ya mateso, na wanafunzi wakaandamana kuitetea. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa. Dawa yake ni kupanga vitabu kwa umri na kumwandaa mwalimu atakayevisoma na darasa. Kuvikosa kabisa hakumkingi mtoto, maana mateso yenyewe hayangoji afikishe umri.

Vipaji vya katuni havijawahi kutupungukia. Mchoraji Gado alitupa hadithi za Abunuwasi kwa katuni mwaka 1996. Tangu 2010 katuni za Shujaaz zimezungumza na vijana kwa Sheng, bure, na mwaka 2012 zikatunukiwa Emmy ya kimataifa.

Kwenu wachapishaji, ombi langu ni mtafute haki za kukitafsiri kitabu cha Omar na Hassan kwa Kiswahili na Kisomali, kisha muwape wachoraji wetu kazi ya hadithi nyingine za aina hii, kwa malipo ya haki. Kwenu KICD, naomba riwaya za katuni zitathminiwe kama vitabu vingine vya ziada na zinazofaa ziingizwe katika Orange Book, orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa kwa shule, ili mwalimu mkuu azinunue bila woga. Shule za Dadaab zinafuata mtaala wenu. Watoto walioko huko leo ni wanafunzi wenu, nao wanastahili kuisoma hadithi hii kabla haijawa ya kale.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili, sekondari msingi