Taa ya Mfuko wa Hewa: Ikizimika, Tuulize Nani Aliizima

Magari mengi madogo yanayopita Kaole, Bagamoyo mjini, Zinga, Kerege na Mapinga kuelekea Dar es Salaam yalitoka Japani yakiwa yameshatumika. IST, Vitz, Raum, Noah na Probox tunaziona kila siku. Baadhi yalipata ajali huko yalikotoka. Mengine yaligongwa hapa hapa, yakanyooshwa bodi, yakapigwa rangi na kuuzwa tena.

Rangi mpya huficha mengi. Kuna taa ndogo kwenye dashibodi inayoweza kutoboa siri: ile yenye picha ya mtu aliyekaa, mbele yake kuna duara. Kwenye baadhi ya magari utaona herufi SRS. Hiyo ni taa ya mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi.

Wanunuzi wengi huogopa taa hiyo ikiwaka muda wote. Wana haki, maana mara nyingi ikiwaka hivyo mifuko haitafumuka ajali ikitokea. Lakini taa iliyozimwa kwa ujanja ni hatari zaidi, kwa sababu inamdanganya dereva kwamba ana kinga asiyokuwa nayo.

Siku ya ajali kinatokea nini

Gari likigonga kwa nguvu, vihisio hupeleka taarifa kwenye kompyuta ndogo ya mifuko ya hewa. Kompyuta hupeleka umeme kwenye kifaa chenye baruti, gesi inatoka na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Katika magari mengi, mikanda ya mbele nayo huvutwa na baruti yake ndogo ili ikubane kwenye kiti.

Vifaa hivyo hufanya kazi mara moja tu. Mfuko uliofumuka haukunjwi ukarudishwa. Mkanda uliovutwa na baruti hubadilishwa. Kompyuta nayo huhifadhi kumbukumbu ya ajali, na taa huendelea kuwaka hata ukiweka mfuko mwingine. Watengenezaji huagiza kompyuta hiyo ibadilishwe.

Ukijumlisha vipuri hivyo, kwa gari la zamani gharama inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Hapo ndipo ujanja unapoanza.

Ujanja wa kuinyamazisha taa

Wa kwanza ni kung'oa balbu au kuifunika kwa nyuma. Wa pili ni kuunganisha waya wa taa hiyo na taa nyingine, kama ya oili au ya chaji, ili ziwake na kuzimika pamoja. Wa tatu ni kuweka kipande kidogo cha kuzuia umeme mahali pa mfuko. Kompyuta inapopima inaona umeme unapita kama kawaida, inaamini mfuko upo. Juu ya usukani kinagundishwa kifuniko kipya, ndani ni patupu.

Pima mwenyewe kwa kuhesabu

Huhitaji mashine. Kabla ya kulipa, kaa kwenye kiti cha dereva, washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa na uhesabu.

Ikiwaka kwa sekunde 6 au 7 hivi kisha ikazimika yenyewe, injini ikiwa bado imelala, mfumo umejipima na haukuona hitilafu ya umeme. Isipowaka kabisa, kuna aliyeigusa au balbu imekufa. Ikibaki inawaka au kumeta, kompyuta imeona hitilafu. Ikisubiri mpaka injini iwake ndipo izimike pamoja na taa ya oili, huenda imeunganishwa nayo.

Kisha tumia macho. Je, kifuniko cha usukani kina rangi tofauti na plastiki nyingine? Je, dashibodi upande wa abiria ina mshono au gundi? Kama imefunikwa kwa kitambaa au manyoya, omba ifunuliwe. Vuta mkanda wote hadi mwisho, uone kama unarudi wenyewe.

Kwa fundi

Taa inayowaka haimaanishi ajali kila mara. Kwetu pwani, maji, mchanga na hewa ya chumvi hula viunganishi vya waya za njano vilivyo chini ya viti. Utepe wa umeme ulio ndani ya usukani nao hukatika kwa uzee. Matatizo haya ni nafuu kuliko mfuko mpya, ndiyo maana kupima kunatangulia kununua.

Mashine nyingi za bei rahisi husoma injini tu. Muulize fundi kama yake inasoma mfumo wa mifuko ya hewa. Kwenye Toyota nyingi za zamani, fundi anayejua huunganisha tundu namba 4 na 13 kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi, kisha huhesabu jinsi taa inavyometa. Kwa mfano, 14 huelekeza kwenye waya uliokatika upande wa mfuko wa dereva, na 31 huelekeza kwenye kompyuta yenyewe.

Tahadhari mbili haziruki. Fundi atoe waya wa betri na asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Pia asipime mfuko kwa mita ya umeme, kwa sababu unaweza kumlipukia usoni.

Taa haioni baruti

Hata taa inayofanya kazi vizuri ina mpaka: inakagua umeme, haikagui hali ya baruti. Mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali inayoharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa, na kampuni ilifilisika mwaka 2017. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine mengi yaliitwa kurekebishwa duniani kote. Yaliyouzwa nje kabla ya kurekebishwa yaliondoka na mifuko yake ya zamani. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu ya pwani. Andika namba ya chesi ya gari lako na uombe msaada wa kuikagua kwenye ukurasa wa intaneti wa mtengenezaji.

Mzigo ni wa nani

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 kuingia. Tanzania haijaweka ukomo kama huo, bali hutoza ushuru zaidi kwa magari makuukuu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia. Lakini ukaguzi wa kuingia hauwezi kuona gari litakalogongwa hapa mwaka kesho na kunyooshwa kwenye gereji ya mtaani. Tunaona pengo liko hapo: gari likibadilisha mikono, anayelipa hana karatasi inayosema mifuko ya hewa ipo au haipo. Kumzuia muuzaji asiuze si lazima. Kumtaka aandike ukweli kwenye mkataba wa mauziano kunawezekana hata leo, mbele ya mashahidi.

Kama umeshanunua na huna uwezo wa kutengeneza, usikate tamaa na usijidanganye. Mfuko wa hewa ni msaidizi, mkanda ndiyo kinga ya kwanza. Funga mkanda hata kwa safari fupi ya Kaole hadi Bagamoyo mjini, mtoto akae nyuma, punguza mwendo, na anayeazima gari lako mwambie mapema kwamba mifuko haifanyi kazi.