Kumsimamisha Daktari Hakumlindi Mgonjwa Anayefuata

Novemba 2007, wagonjwa wawili waliingizwa chumba cha upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na kila mmoja akafanyiwa upasuaji wa mwenzake. Mwenye matatizo ya kichwa alipasuliwa goti. Aliyeumia goti akafunguliwa kichwa. Walikuwa wakichangia jina la kwanza. Wa kichwa alifariki dunia baadaye. Wa goti alipelekwa India kutibiwa madhara ya upasuaji ambao hakuuhitaji.

Nchi nzima ilishtuka, na madaktari waliohusika wakasimamishwa kazi.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya Nairobi. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe usiohitaji kisu alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganywa. Saa kadhaa zilipita kabla madaktari hawajang'amua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwapo. Kwa bahati, wote wawili waliendelea vizuri. Daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na wauguzi wawili walisimamishwa kazi, na mtendaji mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima.

Hasira ya wananchi inaeleweka. Mtu aliyejikabidhi kwa daktari akiwa hana fahamu hana namna ya kujitetea. Hata hivyo, inafaa kuhesabu mikono anayopitia mgonjwa kabla ya kisu kumgusa: muuguzi wa wodi, anayesukuma kitanda, muuguzi anayempokea, mtaalamu wa usingizi, kisha mpasuaji. Kila mmoja akidhani aliyemtangulia amekwisha kuhakiki, hakuna aliyehakiki. Ukimwondoa mmoja wao na kumweka mwingine mahali pake, pengo linabaki vilevile.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia ya kuliziba pengo hilo ilikuwa ikijaribiwa Tanzania katika kipindi kilekile cha mkasa wa MOI. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani, zikiwamo za London, Toronto na New Delhi, zilizofanyia majaribio orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Orodha yenyewe ina vipengele 19. Kabla ya usingizi, mgonjwa hutaja jina lake na sehemu ya mwili inayopasuliwa. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, na timu husimama kwa muda kuthibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini. Kabla ya kutoka, sindano na shashi huhesabiwa. Kwa hospitali zote 8 zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi peke yake, lakini, haiponyi mtu. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipoziagiza hospitali zake kutumia orodha hiyo, utafiti wa 2014 katika hospitali 101 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Ni rahisi kutia alama za vema mwisho wa zamu, wakati mgonjwa amekwisha kurudishwa wodini. Kazi hasa inafanywa na ile dakika ya kusimama na kuulizana, na dakika hiyo haina maana ikiwa muuguzi anaogopa kumwambia bingwa, "Daktari, huyu siye."

Hapo ndipo adhabu ya papo kwa papo inapoharibu mambo. Muuguzi aliyeona wenzake wakifukuzwa hatasimulia kwamba jana nusura amchome mgonjwa sindano isiyo yake. Ataificha sindano na habari yake. Hospitali nayo itakosa onyo ambalo lingemwokoa mgonjwa wa kesho. Mlevi kazini na mghushi wa rekodi waadhibiwe bila huruma. Lakini aliyechanganya vichupa viwili vinavyofanana, mwishoni mwa zamu ndefu, aulizwe kwanza nani aliviweka vichupa hivyo rafu moja.

WHO inakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya 10 hudhurika akiwa katika huduma, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuepukwa. Mengi hayafiki magazetini: dozi iliyozidi, damu ya kundi lisilo lake, kidonda kilichoambukizwa na mikono isiyooshwa.

Kila Septemba 17, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, hotuba hutolewa. Wizara za afya za Dodoma na Nairobi zingeweza kuitumia siku hiyo kutangaza, hospitali kwa hospitali, makosa mangapi yaliripotiwa na wafanyakazi wenyewe na nini kilibadilishwa baada ya kila moja. Hospitali itakayoandika sifuri ndiyo ya kwanza kutembelewa na wakaguzi.