Pointi inayokosekana si zero



Tunasema wazi: pointi ambayo profesa hajatoa ni deni ya profesa na ya chuo. Tangu lini deni ya mwalimu inalipwa na mwanafunzi?

Tunajua vile inapita. Profesa anatoka Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani, anafundisha kozi nzima kwa siku kidogo, anafanyisha mtihani, anabeba karatasi ndani ya valizi na kurudi kwake. Tarehe ya delibe inafika, pointi hazijafika. Juri inakaa hivyo hivyo. Kwenye valve, mwanafunzi anakuta kozi zote ziko na pointi isipokuwa moja. Mtihani alifanya, TP alitoa. Lakini ile nafasi tupu inamuhesabu sawa mutu aliyeanguka.

Anaenda kwa aparitera. Banamuambia: « Urudie kesho. » Kesho inakuwa mwezi. Mwenye ndugu ndani ya biro, pointi yake inaonekana. Asiye na mutu anaambiwa alipe tena na kurudilia kozi aliyokwisha kusoma. Pale ndipo mulango wa rushwa unafunguka: pointi iliyokosekana mwezi muzima inapatikana siku moja, kisha bahasha kupita. Na kwa dada zetu, mara nyingine kinachoombwa si makuta. Kila nafasi tupu isiyo na sheria ni soko ya mutu fulani.

Kuna watakaosema: « Wanafunzi wengine ni wavivu, hawakuja mtihani. » Ni kweli, na hao hatuwatetei. Asiyekuja bila sababu, apewe zero yake. Lakini kuna aliyekuwa kitandani hospitalini. Kuna aliyekimbia vita: mwanzo wa mwaka 2025, wakati M23 ilichukua Goma kisha Bukavu, mabenki yalifungwa, familia zikatawanyika hadi Burundi. Mwanafunzi wa namna hiyo angelipia wapi? Angefanya mtihani wapi? Na kuna aliyefanya yote, karatasi yake ikapotea mikononi mwa mwengine. Kuweka hawa wote ndani ya kapu moja na muvivu ni uonevu.

Tena inchi yetu iliingia katika LMD. Ndani ya mupango huo semesta ni kredi 30, mwaka ni kredi 60, na kredi uliyokwisha kupata inabaki yako. Basi juu ya nini kozi moja, iliyokosa pointi kwa kosa ya mwengine, ifungie mutu njia ya kupanda mwaka ao kuchukua diploma? Muzazi aliyeuza mbuzi na shamba ili mtoto asome, atauza nini tena?

Tunaomba mambo ine:

1. Pointi isiyofika iandikwe « haijakamilika », pamoja na sababu yake. Isiandikwe zero.
2. Kila profesa apewe tarehe ya mwisho mbele ya delibe. Akiipitisha, chuo kimfuate yeye, kiache mwanafunzi.
3. Aliyekuwa mgonjwa ao aliyekimbia vita afanye mtihani wake nyuma, bila kulipa mara ya pili.
4. Kila malalamiko ijibiwe kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. « Urudie kesho » si jibu.

Hakuna kati ya haya inayoomba bajeti mpya. Inaomba daftari, tarehe, na kiongozi anayekubali kuulizwa.

Wanafunzi, musibaki kunung'unika mbele ya valve. Mujihesabu, kozi kwa kozi, muandike pamoja. Mubakishe kopi yenye kashe ya mapokezi. Chuo ya serikali ikinyamaza, tupande juu: Katiba ya inchi, kipengele cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia viongozi wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na inawalazimisha kujibu ndani ya miezi 3. Mutu hawezi kushitakiwa juu ya kutumia haki hiyo.

Wazazi, munapolipa, muulize risiti; na munapoulizwa kulipa tena, muulize kosa ni ya nani.

Tulisoma, mtihani tulifanya. Hatuombi zawadi. Tunadai pointi zetu.