Mboga za Mke Si Matumizi ya Mume



Mwishoni mwa Agosti tulifunga safari kwenda Nyakisasa, kata iliyo wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kumtembelea shoga yetu aliyeolewa huko mwaka jana. Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, tukalala Kahama, na kesho yake ndiyo tukafika. Tulipoondoka Unguja upepo wa kusi ulikuwa unavuma na hali ni ya ubaridi mzuri. Kule tulikuta vumbi jekundu. Kiangazi chao huanza Juni, na mwisho wa Agosti ardhi imekauka na watu wanatazama mawingu wakisubiri mvua za Septemba.

Katika ukavu ule, nyuma ya jiko la shoga yetu, kando ya migomba, palikuwa kijani kitupu. Matuta manne: mchicha, matembele, bilingani na tungule, na kwenye ukingo kunde za kuchuma majani. Huyu ni mtoto wa mjini, dada zetu. Alipoolewa alikuwa hajui hata jembe linashikwaje. Mama mmoja jirani ndiye aliyemfundisha: mbegu za mchicha uchanganye na mchanga kabla ya kumwaga maana ni ndogo mno, tuta ulifunike kwa majani makavu ya mgomba lisikauke, na wadudu wakiingia unyunyize majivu. Maji ya kuoshea mboga na mchele hamwagi ovyo, yote yanakwenda bustanini.

Tulimsifu mpaka tukachoka. Ila siku ya pili tuliona jioni imeingia na ndoo haijaguswa. Mchicha umelala. Tukanyanyuka tumwagilie sisi, akatuzuia. "Wacheni zife," akasema. "Bustani hii imenipa mtihani."

Mumewe si mtu mbaya, na tunalisema hili kwa haki. Anaswali, hapigi, hatukani. Lakini siku ya kwanza alipouona mchicha umejaa ungo, alifurahi akasema, "Mungu akubariki mke wangu, sasa kitoweo tunacho." Wiki ile hakuacha pesa ya kitoweo. Wiki iliyofuata mafuta ya kupikia nayo yakasahaulika, kwa kuwa mke aliuza mafungu matatu ya mchicha na pesa anayo. Mwezi uliofuata ikawa sabuni. Hakuna aliyegombana na mtu. Matumizi yaliondoka nyumbani kidogo kidogo, na kila tuta lililostawi liliondoka na kitu chake. Kwa hivyo akaona dawa ni moja: bustani ife, pesa zirudi.

Tumelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi, na msimamo wetu ni huu. Bustani ya mke ni mali ya mke. Mavuno yake hayamwondolei mume wajibu wa kulisha nyumba yake, hata mboga zikijaa hadi mlangoni. Akiwalisha watu wa nyumba kutoka humo ametenda wema, na wema haudaiwi kama deni.

Si maneno yetu tu. Suratun Nisaa imewapa wanaume usimamizi wa wake zao na ikataja sababu kuwa ni kutoa katika mali zao. Hind binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hatoi ya kumtosha, hakuambiwa akauze kitu chake. Alipewa ruhusa ya kuchukua katika mali ya mume kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Na ushahidi unaotugusa zaidi ni wa Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud. Yeye alikuwa na mali yake, mumewe hana kitu, akauliza kama akimpa mumewe na mayatima anaowalea itahesabiwa sadaka. Jibu likawa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Tulitafakari hapo. Ingekuwa ni wajibu wa mke kumlisha mume, isingeitwa sadaka.

Wapo watakaotuletea habari ya Asma binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyebeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubayr, mwendo mrefu, na kumlisha farasi wake. Wanasema: mbona yeye hakupiga hesabu? Tunawajibu kwa heshima. Asma alimsaidia mume asiyekuwa na kitu, na alifanya kwa mapenzi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia jinsi alivyojiona kama aliyeachwa huru siku baba yake alipompelekea mtumishi wa kumshughulikia farasi. Kwa hiyo hata wao walichoka. Kuna tofauti ya mume ambaye hana na mume ambaye anacho ila ameacha kutoa. Wa kwanza mke humsaidia akapata thawabu. Wa pili hukumbushwa.

Na mwanamke kuwa na mavuno yake si jambo geni katika dini. Katika Sahih Muslim, Jabir bin Abdillah anasimulia habari ya dada wa mama yake aliyeachwa, akatoka ndani ya eda kwenda kukata tende zake, mtu mmoja akamkemea. Alipopeleka shauri kwa Mtume aliambiwa akakate tende zake, huenda akatoa sadaka au akafanya jema kwazo. Mitende yake, mavuno yake, na sadaka yake.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Kwa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amhudumie mkewe na inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe. Mkoa huohuo wa Kagera ndiko ilikotoka kesi ya mama Holaria Pastory, aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, akapingwa kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa haki yake. Ila shoga yetu hana ardhi. Matuta yake yako kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe. Kilicho chake ni jasho, mavuno na mbegu. Hicho kidogo nacho kikihesabiwa kuwa matumizi ya nyumba, atabaki na nini?

Hata hivyo hatukukubaliana naye kuiacha bustani ikauke. Kuiua ni kujiadhibu mwenyewe, na ni kuzuia kheri. Tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mmea, akila humo ndege, mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Mama jirani aliyempa mbegu naye ana fungu lake humo. Tukamwambia: mwagilia, kisha sema. Aliyenyamaza ndani ya nyumba yake asimlaumu mwenziwe kwa kutojua.

Basi jioni ile tukavuna pamoja. Mchicha hatukuung'oa, tuliukata juu na kubakisha vichipukizi vya chini uchipue tena. Bilingani tulichuma zingali zinang'aa, maana zikififia ngozi huwa na mbegu ngumu na ladha chungu. Tungule nzuri kuliko zote tuliziacha mtini ziive kabisa kwa ajili ya mbegu: unazikamua, unaosha mbegu, unazianika kivulini, unazifunga. Vikonyo vya matembele tukavichomeka pale maji ya jiko yanapopita, viwe tayari kwa mvua ya kwanza. Fungu la kwanza likaenda kwa mama jirani. Katika madhehebu yetu ya Shafii mboga za majani hazina zaka, lakini jirani anayenusa harufu ya chungu chako ana haki ya wema wako.

Usiku, baada ya Isha, akazungumza na mumewe. Sisi tulikaa chumba cha pili, hatukusikiliza, ingawa tulitamani. Asubuhi palikuwa na pesa ya mafuta na sabuni juu ya meza. Ya kitoweo bado. Shoga yetu alicheka akasema, "Tutafika." Tulipoondoka alikuwa ameshika ndoo.

Kwenu mabibi harusi, tuna maneno matatu.

La kwanza, semeni mapema. Kabla ya ndoa watu hujadili mahari, sare na chakula cha walima, lakini haijadiliwi mke akiwa na kipato, hata cha mafungu matatu ya mchicha, kitakuwa cha nani. Ulizeni kwa upole, kupitia walii au mtu mzima anayeheshimiwa. Mume mwema hatachukia.

La pili, kwenye sanduku lenu, pamoja na kanga, udi na manukato, wekeni kifurushi cha mbegu. Ukihama nyumba hubebi tuta, lakini mbegu unabeba. Anayeishi ghorofani Michenzani asijitoe: ndoo iliyotobolewa chini au kiroba cha udongo kinatosha kwa mchicha, na wiki tatu au nne unachuma.

La tatu, toeni kwa moyo, na mjue mnatoa. Ukimpikia mumeo kisamvu au matembele ya mkono wako, nia iwe sadaka, usihesabu vijiko. Lakini usiache wema wako ugeuzwe sheria juu yako, kwa maana atakayeumia kesho ni binti yako, ambaye ataambiwa mama yake alikuwa halalamiki.

Na akina kaka mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu: mkiona bustani imestawi, semeni alhamdulillah, kisha acheni pesa ya kitoweo pale pale ilipokuwa ikikaa.

Allah azitie baraka nyumba zetu na bustani zetu. Amin.