Kazi Ikiondoka, Utu Ubaki

Barabara itokayo Kitale hupita kwetu Kiminini na kufika Webuye, mji uliokuzwa na kiwanda cha karatasi cha Panpaper. Kwa zaidi ya miaka 30 moshi wake ulinuka vibaya, lakini kwa familia nyingi ulikuwa ishara ya mshahara. Mwaka 2009 mitambo ilinyamaza. Hewa ikasafika, vyungu vikapoa.

Aachishwaye kazi hapotezi mshahara peke yake. Hupoteza heshima ya kutambulikana kwa kazi yake, na ujasiri wa kusimama kanisani wakati wa harambee. Wengi hujificha kwa aibu, kana kwamba kufungwa kwa kiwanda ni dhambi yao. Twakataa! Mfanyakazi hakukopa madeni ya kiwanda, wala hakuketi penye maamuzi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja, na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Hiyo ni haki, si hisani. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1991, hatukutaka kura pekee. Tulitaka raia asiogope kudai haki yake.

Ndugu waumini, wakumbukeni wale wa mfano wa shamba la mizabibu: walisimama sokoni kutwa si kwa uvivu, bali kwa kukosa wa kuwaajiri. Waketisheni mbele waliopunguzwa kazini, muwasikilize, muwasaidie kuandika madai yao. Aliyepokonywa kazi asipokonywe na sauti.